Breki Zisizochakaa

Tupokigwe alitunza stoo ya shule ya sekondari ya bweni kwa miaka ishirini na saba, na kazi hiyo ilimharibu. Hakuwa mtu mbaya. Ila hakuweza tena kupokea kitu bila kukipima, wala kusikia maneno bila kuyarudia kichwani kuona yamepunguzwa wapi. Wapishi walikuwa wakisema mama huyu hahitaji mzani, anaangalia tu gunia la sukari lilivyokaa na anakutajia vikombe vilivyochotwa. Alipostaafu akahamia Bunju na mumewe, kwenye nyumba waliyoijenga kidogo kidogo, na tabia ya stoo akahama nayo. Aliyempunja nyanya alimkumbuka kwa jina na kwa tarehe. Muuza maziwa alianza kujitetea akiwa bado getini, hata siku ambazo hakuweka maji.

Mumewe, mzee Gozbert, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyu alisalimia hadi mbuzi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye matenka ya mafuta, Dar hadi Tunduma, na barabara nzima walimjua kwa jambo moja: mlima Kitonga aliushuka na gia. Wenzake walikanyaga breki mpaka magurudumu yakafuka moshi. Yeye aliingiza gia nzito kule juu, akaiacha injini imshikilie, akateremka taratibu anapiga mluzi. Mtaa mzima walikijua kisa hicho, maana alikisimulia kila alipopata msikilizaji, na asipompata alikisimulia vilevile.

Mtoto wao Deogratias, aliyekuwa kazini Mwanza, ndiye aliyewapatia gari. Lilikuwa otomatiki, refu kwenda juu, la kuvuta magurudumu yote manne, na mtaani kwao ndilo pekee lililopita mvua za masika zikishika kazi. Basi likawa gari la wote. Mgonjwa, sherehe, mifuko ya saruji, mama mkwe aliyeshuka na mabasi akiwa na mikungu mitatu ya ndizi, wote hao walikuwa wa mzee Gozbert, naye kukataa hakukujua.

Mashaka ya Tupokigwe yalianza na mlio. Miaka miwili gari lile lilikwenda kimya, unachosikia ni redio. Mwezi wa tatu likaanza kunguruma. Kila wakikaribia kona au tuta, injini inapandisha sauti ghafla, abiria anavutwa mbele kidogo, kisha gari linapungua mwendo. Siku moja akachungulia chini. Mkono wa gia haukuwa kwenye D ulikokaa siku zote. Gozbert alikuwa ameuvuta pembeni, kwenye kijia chenye alama ya kujumlisha na alama ya kutoa, na alikuwa akiugonga mbele na nyuma mwenyewe. Kwenye dashibodi namba zilikuwa zinashuka: nne, tatu, mbili.

"Baba Deo, gari hili si linajibadilishia gia lenyewe?"

"Linajibadilishia."

"Sasa wewe unahangaika nini?"

"Linafikiri polepole, mama. Lenyewe linaona tope likishaliingia. Mie naliona kabla."

Lilikuwa jibu zuri. Tatizo ni kwamba wapishi nao walikuwa na majibu mazuri.

Na kusema haki, mzee hakudanganya kuhusu tope. Pale kijiweni kwa bodaboda alikuwa akiwafundisha vijana, nao walimzunguka wakimsikiliza. Kwenye mchanga, aliwaambia, shika gia ya pili na uing'ang'anie, kwa sababu ukiliachia gari lichague lenyewe litapandisha gia katikati ya mchanga, nguvu ikate, uzame. Kwenye mteremko wenye utelezi, shuka na ya kwanza, mguu mbali na breki, maana gurudumu likifungwa kwenye utelezi gari linateleza lenyewe kama sabuni. Vijana walipiga makofi. "Mzee anakula gia kwenye otomatiki! Huyu si dereva, huyu ni rubani!" Gozbert alicheka, akawanunulia kahawa.

Tupokigwe hakupiga makofi. Masika yaliisha, tope likakauka likawa vumbi, na gari likaendelea kunguruma. Lilinguruma kwenye lami ya barabara ya Bagamoyo, ambako hakuna mchanga wala mlima, tambarare tupu kama meza. Akaanza kupekua. Kwanza alinusa mashati, kama mwanamke yeyote angefanya, akakuta sabuni na jasho la mzee. Halafu akagundua kwamba mumewe hajafika mjini tangu Pasaka. Ukimtajia Kariakoo anasema foleni, ukimtajia Posta anasema maegesho. Mtu aliyevuka nchi na lita elfu thelathini za petroli leo anaogopa foleni ya Mwenge?

Akapiga hesabu yake na kuona ni giaboksi. Giaboksi linakufa, Gozbert analijua, na anabadilisha kwa mkono ili lisigundulike, maana Deogratias alikuwa akituma hela ya kulihudumia gari kila baada ya miezi michache na hela hiyo, bila shaka, ilikuwa imeishia kwenye kahawa za kijiweni. Hasira zilimpanda mpaka akakosa usingizi wa mchana.

Jumamosi moja Gozbert alikwenda msibani Kibaha na basi la kukodi. Ufunguo ulibaki kwenye msumari wake ukutani. Basi lile halijafika hata Tegeta, Tupokigwe alikuwa keshampigia simu Anwar, fundi magari wa Kiwalani. Anwar alisoma kwenye ile shule yake. Kidato cha pili alimkamata na maharage mfukoni, na ingawa sasa ana ndevu na mafundi watatu chini yake, akiitwa na mama huyu huja mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Panda gari hilo uniambie giaboksi limebakisha siku ngapi."

Anwar alilizungusha mpaka Bunju B na kurudi, kwanza likiwa kwenye D, kisha kwa kuchagua gia mwenyewe. Akatoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Akaingia chini, akatoka.

"Mama, giaboksi hili litakuzika wewe. Samahani. Namaanisha ni zima kabisa, linabadilisha kama jipya."

"Haiwezekani. Tazama tena."

Akatazama tena, kwa sababu ya maharage. Kwa kuwa jeki ilikuwa tayari imeshapigwa, alifungua na gurudumu la mbele. Hapo akainama karibu. Akafungua na la upande wa pili.

"Mama, pedi za breki mlibadilisha lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili."

"Na gari linatembea kila siku?"

"Kila siku. Linabeba kata nzima."

Anwar alipitisha kidole kwenye chuma. "Kwa mwendo huo zingekuwa zimebaki nusu. Hizi hazijaguswa. Ona, diski imeanza kushika kutu hadi katikati. Halafu hendibreki hii kebo imevutwa mpaka imechoka." Akajifuta mikono, akamwangalia mama kwa mashaka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na haki ya kumwangalia hivyo. "Mie sielewi. Ni kama mtu anasimamisha gari hili kwa gia, halafu anamalizia kwa hendibreki. Mguu haupeleki kwenye breki kabisa."

Anwar akaondoka. Tupokigwe akakaa barazani na ungo wa mchele mapajani, haupepeti. Alikuwa na jambo mkononi na hakujua ni jambo gani. Mtu anaweza kuiba sukari, akaiba mafuta ya kupikia, akaiba hata majani ya chai. Kuiba breki maana yake nini?

Siku ya pili, Jumapili, walitoka kanisani. Gozbert aliegesha, gia ikinguruma, hendibreki ikakwaruza, akashuka. Kutoka lango hadi barazani walikuwa wamemwaga kokoto, na saa sita ile kokoto zilikuwa zinawaka. Tupokigwe alikuwa nyuma yake. Aliona kandambili ya mguu wa kulia ikichomoka na kubaki kwenye kokoto. Mumewe hakusimama. Alikwenda hatua saba, mguu mtupu juu ya mawe ya moto, anasimulia mahubiri ya padri, anacheka, akapanda ngazi, akakaa.

Tupokigwe aliinama, akaiokota ile kandambili. Ilikuwa inachoma vidole.

"Baba Deo. Mguu wako wa kulia umevaa nini?"

"Umevaa..." Gozbert akatazama chini. Uso ulimshuka.

Hakutaka kusema, lakini mbele ya mwanamke yule hata wakuu wa shule walikuwa wakisema. Mguu wa kulia ulikufa ganzi tangu Kwaresima, kuanzia vidoleni, ukapanda hadi kwenye kifundo. Alikwenda zahanati kimyakimya, akaambiwa ni kisukari, na cha siku nyingi. Tupokigwe alilinda sukari ya shule nzima, na ya mumewe ikampita nyumba moja, kitanda kimoja. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

"Na gari?"

"Mafuta nayakanyaga kwa masikio," akasema Gozbert. "Injini inanguruma, najua nimekanyaga kiasi gani. Lakini breki haina sauti, mama. Siku ile nilipogonga kibanda pale Boko, nilikanyaga breki, nikaona naenda mbele. Kumbe mguu uko kwenye mafuta."

"Ulisema ni mbuzi alikatiza!"

"Hakukuwa na mbuzi."

"Mguu wa kushoto nao je?"

"Nilijaribu. Ule umezoea klachi miaka arobaini, unakanyaga mpaka chini. Gari linaruka kama chura. Nikaona bora gia. Gia naishika kwa mkono, na mkono nauhisi." Akatazama mbali. "Watu wakasema mzee anakula gia. Nikawaacha waseme."

Tupokigwe alimfokea mpaka majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri, ingawa hawakupata kitu, kwa sababu alimfokea kwa Kinyakyusa. Halafu akalia. Mwishowe akamwapisha, mkono juu ya rozari: hatabeba mtu tena. Wangesema gari limeharibika, wangempigia Deogratias wiki ijayo, wangetafuta dereva. Gozbert akaapa.

Jumanne saa tatu asubuhi Bi Tabu aligonga hodi. Bi Tabu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa pwani hasa, mwenye maneno matamu na mdomo mkali, na mkwewe Raudha alikuwa na mimba ya miezi tisa. Raudha alikuwa nyuma yake, anapumua kwa kuegemea lango.

"Mzee wangu, sie twaomba utufikishe Tegeta tukanunue vitu vya mtoto. Mume wake yuko zamu hotelini Kunduchi, na mie huyu simpandishi bodaboda asilani."

Gozbert akamtazama mkewe. Hapo ndipo Tupokigwe alipotakiwa kusema. Maneno alikuwa nayo, gari limeharibika, mawili tu hayo, na yalishakubaliwa. Lakini aliona macho ya mumewe. Hayakuwa macho ya mtu anayeomba aokolewe. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba aachiwe, mara moja tu, mara ya mwisho, aitwe mzee wangu. Tupokigwe akasema, "Ngojeni nivae viatu, twende wote."

Alikaa mbele, kiganja karibu na hendibreki. Pale Boko bodaboda mmoja alikatiza kutoka kushoto bila kutazama. Gozbert aligonga gia, tatu, mbili, moja, injini ikapiga kelele, akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote, gari likaenda upande likasimama. Kati ya bampa na goti la yule kijana pangepita kiganja kimoja. Nyuma, Raudha alikuwa amelikumbatia tumbo.

"Mashallah!" akasema Bi Tabu. "Huyu ndo dereva! Mwingine angetuua."

Gozbert aliachia hendibreki taratibu. Jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni. Usiku ule Tupokigwe hakuuliza kitu wala hakulaumu, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa yule aliyevaa viatu vyake.

Alhamisi, saa nne asubuhi, uchungu ulimshika Raudha. Bi Tabu alikuja bila hodi, khanga imemvuka begani, na nyuma yake majirani sita au saba. Gozbert alikuwa keshasimama. Mkono ukaenda ukutani, kwenye msumari. Msumari ulikuwa mtupu.

"Mama Deo, ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga ya Tupokigwe, umefungwa mafundo mawili tangu Gozbert alipoutundika saa tatu asubuhi ile.

"Gari halitoki," akasema.

"Halitoki lina nini?" akauliza Bi Tabu.

Gari limeharibika, angesema sasa. Lakini asubuhi ileile watu walimwona Gozbert akilirudisha kivulini. Uongo ule ulikuwa umechelewa kwa saa moja. Akatafuta mwingine, na stoo ikampa mmoja uliomfaa yeye hasa, ambao kila mtu angeuamini bila kuuliza.

"Halina kitu. Mie ndo sitaki. Akimwaga maji kwenye viti vyangu nani ataviosha?"

Waliuamini papo hapo. Hakuna hata mmoja aliyesema, hapana, Mama Deo hawezi kusema hivyo. Kitu hicho kilimchoma kifuani kuliko alivyotarajia.

"Viti?" Bi Tabu alishika kichwa. "Mwanamke uliyezaa, unanitajia viti? We Tupokigwe, moyo wako una kufuli ngapi?"

Kijana mmoja alikuwa keshakimbilia bajaji. Ilikuja haraka, hakuna aliyepoteza muda, na niseme kabisa kwamba Raudha alifika hospitali salama na mtoto wa kike akazaliwa alasiri ile. Lakini pale langoni hakuna aliyelijua hilo bado. Walimpandisha polepole, watu wakimwangalia Tupokigwe kama wanavyoangaliwa wezi wa kuku. Mmoja alitema mate chini. Tupokigwe alisimama wima, mkono kwenye fundo la khanga, anangoja waishe waondoke. Angeubeba huo mzigo mpaka kaburini, na angeubeba vizuri.

"Mwacheni mke wangu," akasema Gozbert.

"Baba Deo, nyamaza!"

"Mwacheni." Alishuka ngazi mpaka kwenye kokoto, akavua kandambili zote mbili, akasimama katikati yao. "Mguu huu sina. Upo, lakini sina. Nikikanyaga breki sijui kama nimekanyaga. Ndo maana nilikuwa naendesha kwa gia, si ujuzi, ni woga. Kanificha mimi huyu. Viti vyenyewe keshaviosha mara ngapi kwa ajili yenu."

Ukawaona watu mmoja mmoja wanarudi nyuma kichwani, kila mtu anatafuta siku yake: aliyepelekwa Mapinga, aliyepelekwa kituo cha mabasi, aliyemkabidhi mzee watoto wa shule mvua ikinyesha. Vijana wa kijiweni walitazama chini.

Bi Tabu alikuwa ameingiza mguu mmoja kwenye bajaji. Akautoa.

"Juzi," akasema. "Pale Boko."

"Nilivuta hendibreki, Bi Tabu. Breki sikuigusa."

Bi Tabu hakumwambia kitu Gozbert. Alimgeukia Tupokigwe, na sauti yake safari hii ilikuwa ya chini.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu jana. Angeweza kusema tangu asubuhi hii. Gozbert asingemkana, na katika wote waliosimama pale hakuna aliyekuwa na njia ya kuhakiki. Tupokigwe aliufungua mdomo kuusema uongo huo, na macho yake yakakutana na ya Raudha ndani ya bajaji, mikono yote miwili juu ya tumbo, anamsikiliza.

"Tangu Jumapili," akasema.

Raudha alimwangalia muda wa pumzi moja. Halafu akamvuta mkwewe kwa khanga aingie, akamgeukia dereva wa bajaji. "Twende," akasema.